Maji ya Shomoro wa Tano

Jua la Oktoba hapa Dodoma ni kali. Mvua ilitupa kisogo tangu Mei, na nyingine hatuitarajii hadi mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ifikapo saa sita mchana, hata ndege wa uani hunyamaza. Chini ya mwarobaini tunawaona shomoro na shore wametulia, midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili. Ndege hatoi jasho. Hujipoza kwa kutweta, na kila anapotweta hupoteza maji. Kwake bakuli la maji si anasa.

Lakini wengi wetu maji tunayanunua kwa dumu. Basi swali linakuja: je, ni haki kumwekea ndege maji ilhali jirani anabisha hodi na ndoo tupu?

Wapo wanaojibu kwamba binadamu kwanza, ndege Mungu atawatunza. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Katika Kutoka 23:10-11 Mungu anaagiza shamba lipumzishwe mwaka wa saba, ili maskini wapate kula, na watakachobakiza kiwe chakula cha wanyama wa mwituni. Tuuangalie utaratibu huo. Maskini ametangulia, wala hakuna wa kumwondoa pale. Lakini mnyama naye ametajwa katika agizo lilo hilo. Hakuachiwa bahati yake. Anayempita jirani akaenda kujaza bakuli la ndege amevuruga utaratibu. Anayempa jirani kisha akamnyima ndege hata makombo, hajaumaliza.

Tena tuwe wakweli. Maji tuliyooshea mchele yanamtosha ndege, na hayakutoka kinywani mwa mtu. Ndoo ya jirani haikukauka kwa sababu ya shomoro. Mara nyingi mkono uliomfungia jirani mlango ndio huo huo unaomfukuza ndege, kwa maana uchoyo hauchagui.

Katika Mathayo, shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja. Katika Luka, watano kwa sarafu mbili. Tukipiga hesabu, sarafu mbili ni bei ya wanne; wa tano ni nyongeza, hana bei. Na Yesu anafundisha kwamba hata huyo Mungu anamkumbuka.

Wazee husema kuku akinywa maji huinua kichwa kumshukuru Mungu. Hua hafanyi hivyo. Huinama akafyonza mpaka atosheke, kisha akaruka zake. Naye Mungu humnywesha. Basi nasi tusingoje shukrani, wala ya ndege wala ya jirani.

Wapendwa, kiangazi hiki tuanze na ndoo ya jirani, kisha tuweke bakuli kivulini. Shomoro wa tano naye ana kiu.