Eneo Lisilo na Fomula

Nilipokuwa kidato cha sita nilimaliza kurasa nne za daftari nikitafuta intigrali ya e kwa kipeo cha hasi x mraba. Ule mchoro wa kengele, ndugu msomaji. Mwalimu akasema mimi mvivu. Kumbe Joseph Liouville, Mfaransa, alishathibitisha miaka ya 1830 kwamba fomula ya kawaida haipo: changanya vipeo, logi, saini na kosaini utakavyo, hutoki. Lakini eneo lipo! Ukiufuata mchoro pande zote mbili bila kikomo, jumla ni kipeuo cha pili cha pai, yaani 1.772 na ushee. Ukitaka kipande tu, kutoka hapa hadi pale, ndipo fomula inakosekana. Unakadiria, tarakimu baada ya tarakimu, kwa usahihi unaoutaka.

Hapo ndipo ninapogombana na sisi waandishi. Baba alipofariki niliandika, "huzuni yangu haisemeki," nikaweka nukta, nikalala. Nani alinithibitishia? Liouville alitoa hoja. Mie nilichoka tu. Na hata ingekuwa kweli haisemeki, si ningeikadiria? Kandambili zake mlangoni, redio ambayo hakuna aliyethubutu kuibadilisha stesheni. Mama alisoma shairi lile, akauliza, "Sasa baba yako yuko wapi humu?"