Ukishajaa Manung'uniko, Yesu Aingilie Wapi?



Vijana wenzangu, leo nataka niungame kidogo. Siyo ungamo la kwenye kitubio, hilo nimeshalifanya. Hili ni la kuwasaidia ninyi msianguke pale nilipoangukia mimi. Na dhambi yenyewe ukiitaja watu wanacheka: kulalamika.

Tuseme ukweli, sababu za kulalamika hatukosi. Unanunua bando asubuhi, saa nane mchana unaambiwa limebaki kidogo, na wewe hata video moja hujafungua. Umeme unakatika umebakiza shati moja tu la kupiga pasi, tena lile la Jumapili. Bodaboda anakwambia "nipo hapa karibu, nakuja," unamsubiri nusu saa. Mazoezi ya kwaya yamepangwa saa kumi, watu wanaingia saa kumi na mbili kasoro wanacheka. Kwenye kundi la vijana la WhatsApp unauliza jambo la maana, hakuna anayejibu. Akitokea mtu na "tuma kwa watu 20 upate muujiza," ghafla wote wako hewani.

Wazee nao wana yao. "Enzi zetu vijana walikuwa na adabu. Enzi zetu shilingi ilikuwa shilingi. Enzi zetu Misa ilikuwa Misa." Sisi tunawacheka, lakini mtu wa miaka 23 naye utamsikia: "Zamani watu walikuwa wanatembeleana bwana, siku hizi kila mtu na simu yake." Zamani ipi, wewe uliyezaliwa juzi?

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilikuwa natoka chuoni Dodoma kwenda nyumbani Tabora. Basi lilitembea vizuri mpaka tukapita Itigi. Huko mbele, katikati ya pori, tukasikia mlio, moshi ukatoka, dereva akaegesha pembeni. Tukaambiwa fundi anakuja na kifaa, nusu saa tu. Nusu saa ile ilikuwa saa tano nzima. Jua la mwezi wa tisa mnalijua. Mtandao hakuna. Kila nikinyanyua simu juu napata mstari mmoja, unapotea.

Basi bwana, nikaanza. Nilimsema dereva, nikamsema kondakta, nikaisema nchi nzima. Nikapata wenzangu wawili, tukawa watatu, kila mmoja anamwongezea mwenzake. Mama mmoja alifungua kikapu chake akaanza kugawa matobolwa kwa kila abiria, bure kabisa. Kwa wasiojua, hayo ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Ndicho chakula cha safari cha kwetu tangu zamani. Nilichukua vipande vitatu. Sikumbuki kama nilisema asante. Nakumbuka nilisema ni magumu.

Nyumbani nilifika saa tano usiku, na umeme umekatika. Bibi yangu alikuwa ameketi mlangoni ananisubiri, taa ya mkononi iko pembeni yake. "Karibu mume wangu, pole na safari." Mnajua utani wa bibi na mjukuu.

Hapo ndipo nilipofungulia bomba. Nikamweleza basi, pori, kondakta, jua, umeme, chuo, mkopo uliochelewa, mwenzangu wa chumbani anayekoroma. Yeye anasema, "Pole, baba. Pole sana." Akanipashia chakula, akaleta. Nikaonja, nikasema, "Bibi, leo chumvi imezidi." Akasema tena, "Pole." Nikala, nikalala. Hata "umeshindaje, bibi" sikusema.

Asubuhi ilikuwa Jumapili, tukaenda Misa ya kwanza. Padre anasoma nia za Misa, nikasikia jina la bibi yangu. Misa ile ilikuwa ya kuyaombea macho yake.

Tulipotoka nikamuuliza, "Bibi, macho yana nini?" Akanijibu kama anayezungumzia kuku wake. Alhamisi daktari alimwambia jicho la kushoto halitaona tena, la kulia wanaliangalia. Mchana mzima wa Jumamosi alikuwa ananisubiri mimi, mjukuu wake msomi, aniambie na anililie kidogo. Nikamuuliza, "Mbona jana hukusema?"

Akasema, "Nilikuwa natafuta pa kuingilia, mume wangu. Ulikuwa umejaa."

Ndugu zangu, neno lile sijalisahau mpaka leo. Ulikuwa umejaa. Na ile chumvi niliyoilalamikia, aliipima gizani kwa mkono.

Jioni nikakaa naye uani. Nilitaka kuomba msamaha, yeye akanipa hadithi. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba mzigo kutoka huku Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi. Njia ile tunaisoma shuleni: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kilometa kama 1,200 kwa miguu, mzigo wa frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30. Wazungu Burton na Speke walipoifuata waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, hapa hapa Tabora, mwezi wa Novemba. Miezi zaidi ya minne! Na lile pori lililoko kati ya Ugogo na Unyamwezi, upande wa Itigi ambako basi letu lilikwama, watu wa misafara waliliita Mgunda Mkali, kwa sababu maji yalikuwa ya shida na watu walifia humo. Mimi nimekaa humo saa tano na chupa ya maji mkononi, nikajiona shahidi.

Nikamuuliza bibi, "Kwa hiyo wao hawakulalamika?" Nilidhani ataniambia watu wa zamani walikuwa wavumilivu, siyo kama sisi. Akacheka sana. "Wasilalamike? Babu alisema kila jioni wakitua mizigo walisema yote. Jua, miguu, kiongozi wa msafara, chakula kidogo. Lakini kabla ya kusema waliulizana kwanza: nani bado yuko nyuma? Wakishajua wote wamefika, ndipo kila mtu alie na lake."

Halafu akaongeza, "Na usiniambie zamani ilikuwa nzuri. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyopitishwa watu wenye minyororo."

Bibi yangu hajasoma teolojia, lakini mahubiri yote yako hapo. Twende sasa kwenye Maandiko, mtaona.

Ukisoma Hesabu sura ya 11, Waisraeli wako jangwani, Mungu anawapa mana kila siku, bure, nao wanalia. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu, hata vitunguu saumu. Hiyo menyu wanaikumbuka vizuri! Lakini fimbo za wasimamizi hawazitaji. Watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni hawawataji. Ndivyo manung'uniko yanavyofanya kazi: yanaipaka zamani asali na kuitia leo pilipili. Ndiyo maana Mhubiri, sura ya 7 aya ya 10, anatuonya kwamba kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi si swali la hekima. Na mana ile waliichoka. Mimi niliisoma habari hiyo miaka yote nikiwashangaa, kumbe na mimi nilipewa matobolwa porini nikasema ni magumu.

Je, maana yake Mkristo akae kimya? Hapana. Fungueni Zaburi ya 13, muone mtu anavyomuuliza Mungu hata lini. Ayubu alilalamika sura nyingi. Lakini wote hao walimwambia Mungu mwenyewe, usoni. Waisraeli walimsema Mungu pembeni, mahemani mwao. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kulalamika mbele ya Mungu ni sala, hata kama ni sala yenye hasira. Kunung'unika nyuma yake ni kumfungia mlango.

Na kuna mambo ambayo tukinyamaza tunakosea. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akipaza sauti dhidi ya biashara ya watumwa. Huyo hakunung'unika, alipeleka kilio cha wengine kwa watu wenye uwezo wa kufanya jambo. Kama kijijini kwenu maji hayatoki, nenda ofisini, andika, simama kwenye mkutano useme. Swali la kujipima ni hili: malalamiko yangu yanamtetea nani? Nikiangalia ya kwangu ya siku ile, kuanzia porini hadi jikoni kwa bibi, yalimtetea mtu mmoja tu.

Sasa njooni kwa Luka sura ya 24. Wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau. Wana huzuni, wanasemezana njia nzima. Walitumaini, na sasa wameona wamedanganyika. Yesu anawakaribia, anatembea nao. Angeweza kuwaambia palepale, "Acheni kulalamika, ni mimi!" Hakufanya hivyo. Alianza na swali: mnazungumza nini njiani? Wakashangaa kwamba hajui, naye akawauliza tena, mambo gani? Akawaacha wamwage yote mpaka mwisho. Ni kweli baadaye aliwakemea na kuwafafanulia Maandiko, lakini kwanza alisikiliza. Ndipo jioni wakamkaribisha akae nao, na katika kuumega mkate macho yao yakafunguka.

Yesu, ambaye siku tatu kabla alikuwa msalabani, ndiye anayeuliza wengine wana nini! Angekuwa na haki ya kuanza na ya kwake. Alianza na ya kwao. Kama wapagazi wale wa jioni: nani bado yuko nyuma?

Mimi nilifika nyumbani nikapita mbele ya mtu anayepoteza macho, nikamwomba yeye aniangalie mimi.

Vijana, hata imani yetu ilikuja na watu wa namna hiyo. Mwaka 1878 wamisionari 10 wa Afrika waliondoka Bagamoyo na msafara wao. Mkuu wa kundi mojawapo, Padre Pascal, alifariki njiani mwezi wa Agosti kabla ya kuifikia Tabora. Wenzake wakazika, wakaendelea. Kutoka Tabora wakagawanyika, wengine wakaenda Ujiji, wengine ziwa Nyanza hadi Buganda, ambako imani ile iliwazaa Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga, kijana mwenzetu tunayemwomba kila siku, Habari Njema ilimfikia ikiwa imepita kwenye vumbi la Tabora. Sidhani kama safari ile ilikosa malalamiko, walikuwa binadamu. Lakini malalamiko hayakuwa ndiyo mzigo waliokuja nao.

Hayati Papa Fransisko aliwahi kubandika mlangoni pake kibao kinachokataza kulalamika. Mimi kibao hicho sikiwezi, mnanifahamu. Ila nimejiwekea mambo matatu, nawakaribisha mjaribu nami wiki hii.

La kwanza, uliza kabla ya kusema. Ukifika nyumbani, hosteli, kazini, neno lako la kwanza liwe la kumuuliza aliyepo: umeshindaje? Halafu nyamaza usikie jibu. Siyo ile ya "mambo vipi" huku macho yako kwenye simu.

La pili, yako mpelekee Yesu kwanza kabla ya kuyaweka status. Dakika tano mbele ya Tabernakulo, au hata kitandani. Mwambie yote, bando, mkopo, foleni, mchumba. Hachoki. Utashangaa ukitoka hapo yaliyobaki ya kuposti ni machache mno.

La tatu, kila jioni unapotafakari dhamiri, taja mana moja uliyopewa siku hiyo. Moja tu. Mtu aliyekupisha kwenye siti, mwanafunzi aliyekuazima daftari, mama wa matobolwa. Yule mama sikumjua jina, na mpaka leo namtajia Mungu kama "yule wa kikapu." Naamini anamjua.

Bibi bado tunaye, na jicho la kulia bado linaona kidogo. Sasa nikipiga simu nyumbani nimejizoeza: yeye anaanza, mimi nafuata. Wiki iliyopita alilalamika dakika ishirini nzima, juu ya jirani, bei ya sukari, na mbuzi anayekula mboga zake. Nikamwambia, "Pole, bibi. Pole sana." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mume wangu, wote tumefika. Sasa sema ya kwako."

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyetembea na wanafunzi wako katika njia ya Emau, tembea nasi katika njia zetu zenye vumbi. Pokea malalamiko yetu, uyageuze kuwa sala. Utusamehe mara zote tulipojaa wenyewe mpaka aliyekuwa na shida akakosa pa kuingilia. Utupe masikio ya kuwasikia walioko nyuma, na macho ya kuiona mana ya leo. Uwaguse wote wanaopoteza uwezo wa kuona, wasikose wa kuwashika mkono. Amina.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.

Mbarikiwe sana. Na leo, kabla hujaniambia ya kwako, mpigie simu bibi.