Kura, Mnong'ono na Ushahidi

Ndugu zetu wa Thika na Ruiru, wakaao mlango kwa mlango na Wakristo, wametuuliza juu ya mzozo wa makanisa ya Kilutheri. Mwaka 2009 kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani lilipitisha kwa kura kwamba mchungaji aishiye na mwenziwe wa jinsia moja aweza kutumikia. Mwaka 2013 Mekane Yesus, kanisa la Kilutheri la Uhabeshi, likakata uhusiano nalo.

Twajibu: kwetu halali na haramu hazipigiwi kura, na liwati ni haramu. Lakini jambo hili lina upande wa pili. Huko Nyeri, makasisi watatu wa Kianglikana walisimamishwa kwa tuhuma hiyo, wakashitaki. Na mwaka 2016 mahakama ikawapa haki, kwani tuhuma hazikuthibitishwa.

Sheria yetu ilitangulia. Sura An-Nur yamtaka amtuhumuye mtu zinaa alete mashahidi wanne. Akikosa, apigwe mijeledi 80. Na madhehebu yetu ya Shafii yalihesabu singizio la liwati vivyo hivyo.

Basi tujiulize: ni maimamu wangapi walioondolewa mihrabuni kwa mnong'ono wa barazani? Na ni waalimu wangapi waliositiriwa makosa ya kweli kwa kuchelea ukoo wao? Yote mawili ni dhulma. Kila kamati ya msikiti na iandike sharti za imamu na mwalimu, ipokee shitaka kwa ushahidi, kisha ihukumu pasi na upendeleo. Tusipofanya hivyo, twampima jirani kwa mizani tusiyoikanyaga wenyewe.

Wallahu aalam.