Uaminifu kwa Asiyejulikana

Wazee wetu wa pwani walipouzungumza uaminifu baina ya mwenye duka na mushtari wake, hawakuwaza ila watu wawili wanaojuana: mwenye duka anamjua mushtari kwa jina lake, kwa nyumba ya babake na kwa deni la mwezi uliopita lililomo daftarini, na mushtari anamjua mwenye duka kwa mizani yake, kwamba haipunji, na kwa ulimi wake, kwamba hautangazi nani kakopa unga na nani kanunua hariri. Uaminifu ulizaliwa na kujuana huko. Na aliyehama mtaa aghlabu alihama na duka, wala hakuna aliyemlaumu.

Lakini yako katika zama zetu maduka ambayo mwenyewe hataki kabisa kumjua mushtari wake, na kadiri anavyojizuia kumjua ndivyo mushtari anavyozidi kumwamini. Mojawapo liko Göteborg, mji wa bandari wa Uswidi, nalo ni kampuni ya Mullvad, iliyoasisiwa mwaka 2009, ambayo bidhaa yake ni faragha katika intaneti. Anayetaka huduma yake haulizwi jina, wala barua pepe, wala simu. Hupewa namba yenye tarakimu 16, na mbele ya kampuni hana nasaba nyingine zaidi ya hiyo. Malipo ni euro 5 kwa mwezi, nayo yamekuwa hayo hayo tangu mwanzo, wala anayelipia mwaka mzima hapunguziwi kwa sababu ya kulipia mwaka. Na asiyependa hata benki yake ijue, huruhusiwa kutia noti katika bahasha pamoja na kikaratasi chenye alama ya akaunti yake, akaipeleka posta bila ya kuandika mgongoni inatoka kwa nani. Mfanyakazi huifungua, huhesabu fedha, huiongezea akaunti muda wake, kisha bahasha na kikaratasi huvitia katika mashine ya kukatakata karatasi. Kinachosalimika ni fedha.

Sasa mtu wa falsafa atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, yafaa kuliita uaminifu jambo lililopo baina ya wasiojuana, ambao mmoja wao amejitahidi kwa kila hila kutomjua mwenzake?

Kabla ya kumjibu, ni lazima tuone kwanza kitu gani hasa kinachouzwa hapo. Mtu anapofungua tovuti kwa simu yake, kampuni ya simu huona anakokwenda, na mwenye tovuti huona anakotoka. Huduma ya kampuni kama hiyo, iitwayo VPN, huipitisha safari hiyo katika seva ya mtu wa tatu, kwa maneno yaliyofumbwa, hata kampuni ya simu ikaona seva tu, na mwenye tovuti naye akaona seva tu. Ni dhahiri basi kwamba siri haikutoweka duniani, ila imehama mikono. Imetoka kwa wawili ikaenda kwa mmoja, na huyo mmoja, akitaka, anaweza kuyaona mengi. Huyu amekabidhiwa amana kwa maana yake kamili, na historia fupi ya biashara hii ina khiyana ya kutosha. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook iliinunua Onavo ya Israel, ambayo programu yake iligawiwa bure kwa jina la kuwahifadhi watu. Kumbe habari za programu gani watu wanazitumia, na kwa kiasi gani, zilikuwa zikikusanywa na kumfaa mnunuzi katika kuwapeleleza washindani wake. Mwaka 2018 ikaondolewa katika duka la Apple, na mwaka 2019 ikafungwa. Waliokuwa wakiitumia walidhani wamejifunika, ilhali aliyeshika nguo ndiye aliyekuwa akiwatazama.

Dini zetu hazikulichukulia jambo la amana kwa wepesi. Kurani, katika sura ya Al-Hujurat, inakataza upelelezi wa watu pamoja na kusengenya, katika aya moja, kama kwamba ni maovu ya ukoo mmoja. Na katika sira ya Mtume, ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin kabla ya utume wake, mna tukio ambalo sijaona mfano wake bora katika mlango huu: alipohama kwenda Madina, hali maadui wamekusudia kumwua, alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib arudishe amana za watu, na katika wenye amana hizo walikuwamo walioikataa dini yake. Walimpinga kwa maneno, wakamwekea mali zao. Hawakumwamini kwa kuwa aliwapenda au walimpenda. Walimwamini kwa sababu ya tabia ambayo haikutegemea nani yuko mbele yake. Hapa naona jibu la kwanza kwa mtu wa falsafa. Uaminifu uliotegemea kujuana ulikuwa na upendeleo ndani yake, kwani mwenye duka alimtunzia siri jirani na pengine hakumtunzia mgeni. Huu mwingine hauna jirani wala mgeni, maana mwenye kuutoa hajui anamtolea nani.

Jambo hili lilipata mtihani wake tarehe 18 Aprili 2023, walipofika katika ofisi ya Göteborg askari wa polisi wasiopungua sita wakiwa na hati ya upekuzi, wamekusudia kuchukua kompyuta zenye habari za wateja. Wenyeji hawakuwatukana wala hawakukimbia; waliwaeleza kwamba habari wanazozitafuta hazikuwahi kuwekwa, na kwamba kwa hiyo sheria haiwapi njia ya kuchukua chochote. Askari wakawasiliana na mwendesha mashtaka, wakaondoka mikono mitupu. Wengi husifu ushujaa wa siku ile. Mimi ushujaa nauona zaidi katika siku zote zilizotangulia, ambapo hapakuwa na askari mlangoni na ilikuwa ni rahisi, tena yenye faida, kuweka japo orodha ndogo ya wateja kwa matumizi ya baadaye.

Hata hivyo, lau jambo lingeishia kwa mfanyabiashara mwema na wateja walioridhika, nisingelipotezea wino. Faragha ya namna hii ina siri nyingine, nayo ni kwamba haimfikii mtu aliye peke yake. Mwanamke mwenye buibui katikati ya umati wa maulidi ya Lamu hajulikani ni nani. Buibui lile lile akilivaa peke yake katika mji ambao hawalivai, hapana jicho ambalo halitamwona. Waliolifahamu hili mapema ni wataalamu wa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, waliokuwa wakitafuta, katikati ya miaka ya 1990, namna ya kuwawezesha watu wa serikali kutumia intaneti bila ya kutambuliwa. Waligonga ukuta ambao silaha wala fedha haiubomoi: mtandao utakaotumiwa na majasusi tu utamtangaza kila anayeutumia kuwa ni jasusi. Ikawa hapana budi kuufungua kwa watu wote, waandishi wa habari, wagonjwa wanaosoma kuhusu maradhi yao kwa aibu, wapinzani wa serikali hii na ile, na wavivu wasio na haja yoyote. Ndipo ikatoka programu ya Tor mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la faida la kuilea. Mwenye nguvu kuliko wote duniani hakuweza kujisitiri mpaka ajichanganye na mnyonge, na sitara yake ikawa ni kiasi cha sitara ya mnyonge, haikuzidi.

Safari katika Tor hupita vituo vitatu. Cha kwanza kinajua mtu anakotoka na hakijui anakokwenda, cha mwisho kinajua anakokwenda na hakijui anakotoka, na cha kati hakijui hiki wala kile. Vituo hivyo, maelfu yake, ni kompyuta za watu waliojitolea, wanaolipa umeme na intaneti kutoka mifukoni mwao ili wapite watu wasiowajua. Dini zetu, Uislamu na Ukristo pia, zimeitukuza sadaka ya siri; lakini hata katika sadaka hiyo mtoaji alimwona maskini, akajua kapewa nani. Hapa mtoaji hamwoni mpokeaji, mpokeaji hamjui mtoaji, na shukurani haina mlango wa kupitia.

Wema huu una jasho lake. Katika mwaka 2015 maktaba ya Kilton, katika mji mdogo wa Lebanon, jimbo la New Hampshire, iliwasha kituo cha Tor, ya kwanza miongoni mwa maktaba za umma za Marekani. Habari zikamfikia ofisa wa usalama wa serikali kuu, akawaarifu polisi wa pale, polisi wakazungumza na wenye maktaba, na kituo kikazimwa kwa muda. Mwezi Septemba bodi ya maktaba ikakutana, wakaazi wakahudhuria wakasema yao, na mwisho wa kikao kituo kikaruhusiwa kuwashwa tena. Tazama nani waliokuwa wakibishana: wakutubi na watu wa mji ambao, kwa wingi wao, pengine hawakuwa na siri yoyote ya kuficha, wakitetea haki ya msafiri ambaye hatajua kamwe kwamba alitetewa.

Hapo mtu wa falsafa hurudi na swali zito zaidi la nia. Mwezi Julai 2018 serikali ya Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na watu wengi wakakimbilia VPN, mmoja akimfundisha mwenzake: pakua hii, bonyeza hapa, usisahau kuizima salio lisiishe. Aliyefanya hivyo ili amsalimu shangazi yake kwa WhatsApp hakukusudia kumsitiri mwandishi wa habari aliye nyuma ya seva ile ile. Lakini alimsitiri, kwa kuwa wawili hao walionekana nje kwa anwani moja. Je, ana thawabu? Wanavyuoni wetu huanza mlango wa kila ibada kwa nia, na kwa mizani hiyo msalimu shangazi hana chake. Mimi nakubali, lakini nasema kwamba nia inaweza kuja baadaye. Mtu aliyeingia kwa haja yake, haja ikaisha, akabaki kwa kuwa anajua wengine watazidi kuonekana wakiwa wachache, huyo amegeuka kutoka mushtari kuwa mwenye ihsani, na hakuna aliyemwona akigeuka. Mwezi Juni 2022 kampuni ile ya Göteborg iliacha kuuza malipo ya kujirudia yenyewe kila mwezi, kwa sababu yaliilazimu kuweka habari za mlipaji, hata ikijua itapoteza wale wanaolipa kwa kusahau tu. Sasa kila anayebaki hubaki kwa kuamua upya, kama Mashafii wa pwani wanavyotia nia ya funga kila usiku wa Ramadhani, wasitosheke na ile ya usiku wa kwanza.

Imebaki hoja ambayo hakuna mtu wa insafu anayeweza kuiruka: sitara hii humfunika na mwizi. Soko la Silk Road, lililouza madawa ya kulevya mpaka mwenyewe alipokamatwa Oktoba 2013, lilikaa ndani ya Tor. Sisemi kwamba jambo hili ni dogo. Lakini nakumbusha kwamba mtu yule alikamatwa kwa upelelezi wa makosa yake mwenyewe na kwa mikono ya askari waliomfuata mpaka maktabani San Francisco, bila ya kila msafiri kuvuliwa nguo. Na kwamba sheria zetu za kale zilijua kutofautisha baina ya kumsitiri aliyeteleza na kumficha anayeendelea kudhuru. Tatizo ni kwamba mwenye kituo hawezi kutofautisha, kwa kuwa hamwoni anayepita. Amekubali ujinga huo kwa hiari, na lazima akubali pia kwamba siku moja dhambi ya mwingine itaandikwa kwa anwani yake.

Siku hiyo ilimfikia Dmitry Bogatov, mwalimu wa hisabati wa Moscow, Aprili 2017. Mtu asiyejulikana alikuwa ameandika maneno ya kuchochea fujo, na maneno yale yakaonekana yametokea katika anwani ya nyumba yake, ambako alikuwa na kituo cha mwisho cha Tor. Alifungwa mahabusu, kisha akafungiwa nyumbani, na mwaka 2018 mashtaka yakaondolewa. Alipokuwa bado kizuizini, wenye vituo katika nchi mbalimbali walivibadilisha majina vituo vyao, vikaitwa KAction, lakabu aliyoitumia Bogatov katika kazi zake za programu. Hapa nia haina shaka tena, wala hapana wa kusema walifanya kwa faida. Vituo hivyo huorodheshwa hadharani, polisi wa nchi yoyote anaweza kuisoma orodha yake. Na watu ambao kazi yao yote ilikuwa kuwawezesha wengine wasitambulike, waliweka katika orodha hiyo jina la mshitakiwa, kwa hiari yao, huku kesi yake ikiendelea.