Hiki Umekinunulia Nani?

Kiomboi iko juu ya uwanda wa Iramba, mahali pa kuvaa sweta asubuhi za Julai, na maji makubwa kwetu ni jambo la kusafiria. Ukitaka kuyaona, sharti ushuke bondeni hadi Ziwa Kitangiri, ambako Mto Wembere huingiza maji na Mto Sibiti huyatoa kuyapeleka Ziwa Eyasi. Mtu aliyekulia juu huku, kama mimi, anajua kulima alizeti, kuchunga ng'ombe na kubishana bei ya vitunguu. Chombo cha majini hakijui. Kutojua si kosa. Kosa langu lilikuwa kununua kwanza na kuuliza baadaye, na kisa chenyewe nakisimulia ili mwingine asilipe karo niliyolipa mimi.

Siku za likizo tulizoea kushuka Tulya. Tulikaa mwaloni, tukanunua perege au kambare, watoto wakachezea maji ya miguuni, jioni tukapanda kurudi. Kila mara kijana wangu wa miaka tisa aliuliza swali lile lile: "Baba, lini na sisi tutavua wenyewe?" Mwaka mmoja nikapata fedha kidogo za mavuno, na usiku nikaona simuni picha ya kayaki nyekundu, inang'aa, imechongoka mbele na nyuma kama ndizi mshale. Muuzaji wa Dar es Salaam alisema ni mtumba wa Ulaya, chombo cha uvuvi, chombo cha familia, na bei ni ya leo tu. Nililipa usiku ule ule.

Ilinifikia kwa lori lililokuwa limepeleka vitunguu Dar na kurudi tupu. Pale Misigiri tuliipakia kwenye kirikuu, nusu ndani, nusu nje, imefungwa kitambaa chekundu nyuma. Ilipoingia Kiomboi watu waliacha kazi. Fundi baiskeli alisimama na spana mkononi. Urefu wake mita tano na nusu, upana sentimita 62, juu imefunikwa, ina matundu mawili ya kukalia. Nilitembea kando yake kama bwana harusi.

Jambo ambalo sikulijua wakati ule ni hili. Kayaki ilizaliwa kwa Wainuiti wa nchi za barafu, Greenland na jirani zake. Waliitengeneza kwa mbao na mifupa, wakaivika ngozi ya sili, na mwenye chombo alipimwa mwili kama anavyopimwa mtu kwa fundi cherehani, ili nyonga zake zikae sawasawa ndani. Kilikuwa chombo cha mwindaji mmoja, mwenye ujuzi, anayewinda kimya kwenye maji yanayoua kwa baridi. Chombo hakikutarajia mama mwenye kapu la chapati, wala mtoto anayeinuka kila akiona ndege. Ile niliyonunua mimi ilikuwa mjukuu halisi wa chombo kile: nyembamba, yenye mbio, ya safari ndefu. Muuzaji aliiita ya familia kwa sababu ilikuwa na matundu mawili.

Tulifika mwaloni saa tatu asubuhi. Wavuvi walikuwa wamerudi na wanachambua nyavu. Mzee mmoja, ambaye watu wote pale humwita Babu, alikuja kuiangalia. Hakusifu rangi. Aliomba tuiweke kwenye maji ya magotini, akaweka kiganja ubavuni na kukandamiza kidogo. Kayaki ikalala mara moja, kama mbuzi aliyeshikwa miguu. Kisha akaenda kwenye mtumbwi wake wa mbao, mweusi kwa lami, akakandamiza vile vile. Mtumbwi ukainama kidogo, ukarudi. Akanigeukia.

"Mwalimu, hiki umekinunulia nani?"

"Familia, Babu."

Alimtazama mama watoto, akamtazama kijana, akatazama ziwa. "Maboya ya kuvaa mnayo?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimepiga hesabu ya majaketi okozi matatu nikaona chombo chenyewe kimenimaliza, majaketi yatasubiri mwezi ujao. Na nilikuwa na hoja: Kitangiri si Victoria. Ni ziwa la kina kifupi, linalojaa kwa masika na kusinyaa kiangazi, na wavuvi wengine huonekana wamesimama ndani yake maji yakiwa kifuani. Mtu atazama wapi?

Babu hakubishana. Alileta madumu mawili matupu ya lita tano, akayakaza vifuniko, akayafunga kwa kamba ya katani, moja kifuani kwa kijana na jingine mgongoni. Kijana aliona aibu mbele ya wenzake, nami niliona aibu zaidi yake. Leo nikiyakumbuka madumu yale naona haya kwa sababu nyingine.

Ubavuni mwa kayaki palikuwa na kibandiko: mwisho kilo 180. Mimi 78, mama watoto 71, kijana 27. Jumla 176. Nikajiona mhasibu hodari, nikasahau kapu, maji ya kunywa na ndoo ya chambo. Nilikaa tundu la nyuma, mama watoto la mbele, kijana akabanwa katikati ya magoti ya mama yake. Tulipiga kafi, chombo kikateleza kama sabuni. Nikiri ukweli: dakika ishirini za kwanza zilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Singida ni mkoa wa upepo, na kiangazi upepo huamka jua likipanda. Kwenye ziwa la kina kifupi mawimbi hayawi marefu, huwa mafupi na ya karibu karibu, moja halijapita jingine limefika. Kufikia saa nne kayaki ilikuwa inatikisika kiunoni. Ndipo mshipi wa kijana ukavuta. Perege alikuwa wa kiganja tu, lakini alikuwa perege wake wa kwanza. Kijana akainama kulia kumtazama. Mama yake akainama kulia kumshika. Mimi nikainama kulia kuona samaki.

Haikutupa nafasi hata ya kupiga yowe. Mara maji yakawa juu na mwanga chini. Mapaja yangu yalikuwa yamebanwa chini ya kile kifuniko, na kwa muda nisioweza kuupima nilisukuma kwa mikono kitu ambacho sikukiona. Nilipochomoka nikasimama: maji yalinifika kifuani, kama nilivyohubiri mwaloni. Lakini miguu ilizama kwenye tope hadi muundi, na kila nilipoinua mmoja mwingine ulikwenda chini zaidi. Mama watoto aliibuka ameshika ubavu wa kayaki, anakohoa. Kijana alikuwa mita tano kutoka kwangu, upepo unamsukuma, na pale alipokuwa maji yalikuwa marefu kuliko yeye. Alielea. Madumu mawili ya lita tano yalikuwa yamemshika kidevu juu ya maji, naye analia kwamba samaki amekwenda.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nilikuwa nimepima ziwa kwa urefu wangu mimi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano, ambao kwao pipa la uani tayari ni ziwa. Kina cha maji hakina maana mpaka useme kimo cha nani.

Babu ndiye aliyetufuata na mtumbwi wake. Kayaki ilikuwa imejaa maji hadi mdomo na watu watatu hatukuweza kuigeuza, tukaivuta kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa. Mwaloni alitupa chai ya rangi, akangoja mpaka meno yameacha kugongana.

"Chombo hakina kosa," alisema. "Kina mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Mwalimu, wewe ukinunua viatu vya mtoto unapima mguu wa nani?"

Nikasema mguu wa mtoto.

"Basi chombo cha familia kinapimwa kwa yule asiyejua kuogelea. Na hakipimwi saa moja asubuhi ziwa likiwa limelala. Kinapimwa saa sita upepo ukivuma."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyapima na yale ninayofundisha darasani nayaona yamenyooka. Weka chupa juu ya maji, itabiringika. Weka sinia, litakaa. Upana ndio unaompa mgeni utulivu, ndiyo maana kayaki za kuvulia zinazofaa wanaoanza huwa na upana wa sentimita 75 hadi 90, na ndugu zetu wa pwani, ambao ngalawa yao ni nyembamba, waliifungia matengo pande zote mbili ili isilale. Uzito nao si jumla ya kilo tu, ni mahali zilipokaa. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, waliokuwamo walizidi mara mbili ya hapo, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Nchi nzima ililia. Mimi nililia pia, kisha miaka michache baadaye nikapakia familia yangu kilo 176 kwenye chombo cha 180, tukainama wote upande mmoja. Mtu huweza kusikiliza msiba mzima redioni asisikie funzo lake.

Kayaki nyekundu niliiuza kwa hasara kwa kijana mmoja wa Mwanza anayeshindana kwa makafi. Yeye alikuwa mwenyewe wa chombo. Nilikaa mwaka mzima bila kununua kingine, na mwaka huo ndio ulionifaa. Nilikwenda ofisi ya uvuvi ya wilaya kuuliza habari za leseni kabla ya kulipa, si baada. Nilimwomba Babu anipeleke na mtumbwi wake mara tatu, nijue upepo unatokea wapi na viboko wanapenda upande gani. Majaketi okozi niliyanunua kabla sijachagua chombo, la kila mtu kwa kipimo chake, maana la mtu mzima akivaa mtoto huchomoka kichwani akiingia majini.

Chombo cha pili hakina mvuto wa picha. Ni kayaki ya wazi, unakaa juu yake badala ya kuingia ndani, mita tatu na nusu kwa sentimita 86, rangi ya mchanga, nzito, ya pole pole. Sakafuni ina vitundu vinavyotoa maji vyenyewe, na mbavu zake zimefungwa hewa ndani, kwa hiyo ikipinduka haijai. Kibandiko kinasema kilo 230. Safari hii sikukiamini kibandiko hadi mwisho: watumiaji wazoefu hupakia saba ya kumi tu, yaani kilo 161. Mimi 78, kijana, ambaye sasa amefika 31, na abiria wa tatu mwenye kilo 48. Kilo nne zilizobaki ni chapati, maji na mishipi. Ndoo ya chambo imekuwa kopo.

Kabla ya kumpakia abiria yeyote tuliipindua kwa makusudi, mimi na kijana, tumevaa majaketi, kwenye maji ya kifuani. Tuliipindua, tukaigeuza, tukapanda. Tulirudia mara nane mpaka kijana akaweza kupanda bila kusaidiwa. Wavuvi walicheka sana. Chombo ambacho hujawahi kukipindua ukiwa tayari kitakupindua siku ambayo hauko tayari, na siku hiyo si wakati wa kujifunza tundu liko wapi na kamba iko wapi.

Jumamosi iliyofuata tulifika mwaloni saa moja, kukiwa shwari, na nia ya kuwa tumerudi nchi kavu kabla ya saa nne. Babu alikuja, mdogo zaidi kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mkononi. Aliweka kiganja ubavuni akakandamiza. Kayaki ikainama kidogo, ikarudi. Akakandamiza tena, kwa uzito wote wa mwili wake. Ikarudi.

"Na hiki, Mwalimu," akauliza, "umekinunulia nani?"

Sikumjibu kwa mdomo. Nilirudi kwenye gari nikamfungulia mlango mama yangu mzazi, miaka sabini na mbili, mzaliwa wa juu kabisa Iramba, ambaye hajawahi kuingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Alikuwa amevaa khanga mbili, na juu ya khanga jaketi okozi la rangi ya chungwa, ameshalifunga vifungo vyote vitatu tangu Kiomboi.

Babu alimtazama, akalivuta jaketi mabegani kuona kama litachomoka. Halikuchomoka. Akashika omo ya kayaki ili isitikisike, akamwambia, "Karibu, mama. Anza na mguu wa kulia."