Nani Atanunua Maharagwe?

Ni rahisi kumlaumu mkulima wa tumbaku ukiwa mbali na shamba lake. Tunamtajia saratani, misitu inayoishia kwenye moto wa kukaushia majani, na watoto wanaochuma majani yenye umande kisha wakashinda wakitapika, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi. Hayo yote anayajua kutuzidi. Mbona basi mvua zikinyesha anapanda tena?

Anapanda kwa sababu kampuni humkopesha mbegu, mbolea na dawa, kisha hununua majani yake. Bei na makato humuumiza, lakini mnunuzi yupo. Nani humwahidi hivyo mkulima wa maharagwe? Mzazi anayedaiwa karo halipi kwa nasaha.

Kentucky, Marekani, walilitambua hilo. Mwaka 1998 kampuni za sigara zilikubali kuyalipa majimbo 46 takriban dola bilioni 206 katika miaka 25, kufidia gharama za matibabu ya wavutaji. Majimbo mengi yaliziba mapengo ya bajeti kwa sehemu ya fedha hizo. Kentucky, kwa sheria ya mwaka 2000, ilitenga nusu ya fungu lake kwa ajili ya kilimo. Kila kaunti ikawa na baraza lenye wakulima, la kupima maombi kabla hayajapelekwa jimboni. Aliyetaka kuboresha mifugo au kujenga uzio mara nyingi alichangia nusu ya gharama. Mpango huo naupenda kwa heshima yake: mkulima aliketi penye maamuzi, hakupanga foleni ya msaada.

Fedha za namna hii ni amana, na amana huwatamanisha wengi. Katika jimbo jirani la Virginia, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa jimbo alifungwa kwa kuiba dola milioni 4 zilizotolewa na tume ya kuinua maeneo ya tumbaku.

Kwetu Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa yamewasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. La maana zaidi ni kwamba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliingia kama mnunuzi. Hata hivyo, wafadhili huja na kuondoka. Kanuni zetu za mwaka 2014 zinazitaka kampuni za tumbaku kuchangia kila mwaka asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, na Mahakama ya Juu ilitupilia mbali pingamizi dhidi ya kanuni hizo mwaka 2019. Sehemu ya fedha hizo na ifike Migori, isimamiwe na wakulima wenyewe, hesabu zibandikwe mahali pa wazi.

Anayemtaka mkulima ang'oe tumbaku amwambie kwanza nani atanunua maharagwe yake, kwa bei gani, na kwa misimu mingapi. Asiye na majibu hayo hana haki ya kumhubiria.