"Sikukusudia" haisafishi maji

Ijumaa moja mjini Masasi, baada ya swala, mzee mmoja alinishika mkono. "Ustadhi, mimi nimeua majani, samaki wamekufa wenyewe. Nadaiwa nini?"

Kisa chenyewe ni hiki. Yeye na jirani zake wawili, mmoja wao mjane, walichimba bwawa la samaki bondeni, upande wa kwenda Newala. Bwawa likafunikwa na magugu. Mzee akachukua dawa ya magugu iliyobaki kwenye mikorosho, akapuliza bwawa zima siku moja, bila kuwauliza wenzake. Siku chache baadaye, alfajiri, perege walikuwa juu ya maji wakihema. Jua lilipopanda walikuwa wamekufa. Kambale walisalimika.

Hapo pana fununu. Kambale huweza kuvuta hewa ya juu. Perege hutegemea hewa iliyomo majini. Magugu mengi yakifa kwa pamoja huoza, na kuoza huko hula hewa hiyo, ambayo alfajiri ndipo huwa chache kabisa. Tena zipo dawa za shambani ambazo kinachodhuru samaki zaidi ni ile sabuni iliyochanganywa humo ili dawa inate kwenye majani. Nao mrututu, unaotumika kuua ukoga, huua konokono, na ukizidi humaliza samaki.

Je, nia njema inamtoa mzee hatiani? Nionavyo, inamtoa katika dhambi ya kukusudia, haimtoi katika dhamana. Sheria yetu humtaka hata aliyeua mtu kwa bahati mbaya alipe diya. Sembuse aliyeharibu mali ya wenzake kwa kutouliza? Maelezo yalikuwa kwenye chupa ya dawa, na wenzake walikuwa jirani.

Gugumaji lilipovamia Ziwa Victoria, katika miaka ya 1990 Uganda, Kenya na Tanzania zilileta wadudu wanaolila, na watu wakaling'oa kwa mikono. Hofu ya kutia dawa katika maji ya watu na samaki ilikuwa sehemu ya mjadala ule. Bwawa dogo nalo lastahili hofu hiyo: ng'oa kwa mkono, sehemu baada ya sehemu.

Nilimwambia awalipe wenzake. Alinuna, akasema mimi ni kijana mno kumhukumu. Huenda. Lakini mjane yule alitegemea perege wale kwa sare ya shule ya mwanawe, na "sikukusudia" hainunui sare.

Wallahu aalam.